Rangi Kabla ya Uhakiki

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye mlango wa stoo, juu ya lile la zamani linalokataza watu kuosha baiskeli zao kwa maji ya idara. Lilikuwa na mistari sita. Kila mfanyakazi wa idara ya maji afike chumba cha mikutano siku ya Alhamisi akiwa na vyeti vyake halisi, kitambulisho cha kazi, na wategemezi wake wote walioandikwa kwenye bima ya matibabu. Mstari wa sita ulisema kwamba atakayebainika kutumia taarifa zisizo zake ataondolewa kazini siku hiyohiyo, na hatua nyingine zitafuata.

Baba, ambaye ni fundi bomba, alilisoma mara mbili. Akamaliza kufunga valvu aliyokuwa ameishika, akanawa mikono, akarudi nyumbani saa nane mchana. Katika miaka ishirini na tisa ya kazi hajawahi kurudi saa nane. Mama alipomwona mlangoni aliuliza nani amefariki.

Hakuna aliyefariki. Tatizo letu lilikuwa kwamba mtu aliyeandikwa kwenye faili la Baba yu hai, ana afya yake, na ana saluni ya kiume nyumba ya nne kutoka kwetu.

Nieleze taratibu, na leo mniamini, maana mimi tangu darasa la pili naitwa Redio, kwa mizaha yangu isiyozima, na hata nikisema nina homa watu hucheka kwanza. Baba aliishia shule ya msingi. Mdogo wake, yaani baba yangu mdogo, alimaliza sekondari akapata cheti kizuri tu. Mwaka ule idara ilipotangaza nafasi za mafundi ilitaka vitu viwili: cheti cha sekondari, na umri usiozidi miaka ishirini na mitano. Baba alikuwa na miaka ishirini na minane, mke, na mtoto njiani, yaani dada yangu ambaye sasa ameolewa. Baba mdogo alikuwa na miaka kumi na tisa, mkasi, na hamu ya kunyoa watu. Basi akamwazima kaka yake cheti, hivihivi, kama mtu anavyomwazima jirani ngazi. Ngazi haijarudi mpaka leo.

Kwa hiyo kwenye karatasi mimi ni binti wa baba yangu mdogo, ambaye alinizaa bila mwenyewe kuwa na habari. Mama ni mke wa shemeji yake. Na Baba, mwenye miaka hamsini na saba kamili, kazini ana arobaini na minane, na mbele yake kuna miaka kumi na miwili kabla ya kustaafu. Pale idarani hakuna anayemwita kwa jina la kwenye cheti. Wanamwita Koki, hata mkuu wa idara. Hilo limetusaidia sana. Jina unaweza kulifunika kwa jina. Kichwa ndicho kilichokataa kufunikwa.

Unywele mweupe wa kwanza ulitokea juu ya sikio la kushoto, miaka kumi na mitatu iliyopita. Mama alisema aanze kupaka siku hiyohiyo, ukiwa mmoja, ili asiwepo mtu wa kusema rangi ilianza lini. Baba akasema bado. Mvi zilipozunguka masikio Mama akauliza tena, akaambiwa bado. Zilipopanda utosini, Baba mdogo alimletea pakiti mpaka sebuleni, ikakaa juu ya kabati hadi ikapitwa na tarehe. Mimi nikapata kazi ya kuchangamsha nyumba. Nilimwambia anafanana na mtu aliyeosha nywele akasahau kusuuza, naye akacheka. Alikuwa akicheka kila mara, isipokuwa Mama alipomuuliza anangoja nini. Hapo ghafla alikuwa na spana ya kutafuta.

Jumatatu ile alasiri tulikaa saluni, Baba mdogo akageuza kibao ili wateja waone pamefungwa. Mama ndiye aliyeanza. Alisema watu wa idarani hawana shida, wamezoea, fundi akiwa na mvi wanadhani ni mitaro imemchosha. Shida ni hao wageni wanaokuja kuhakiki, ambao watamwona mara moja tu, kichwa huku na tarehe ya kuzaliwa kule.

Mimi nikapendekeza aende Baba mdogo mwenyewe, kwani si ndiye mwenye cheti. Baba akamuuliza mdogo wake bomba la inchi tatu linaungwaje. Baba mdogo akafikiri, akasema kwa gundi ya viatu. Wazo likafa hapo. Likaja la kunyoa kipara. Hilo alilikataa kinyozi mwenyewe: mtu ambaye hajawahi kunyoa kipara akikinyoa wiki ya uhakiki ni sawa na kuandika barua ya kukiri. Tena ndevu zinaota kesho yake asubuhi, nazo hazijafundishwa kudanganya.

Ikabaki rangi. Na rangi, Baba mdogo alieleza, haipakwi kama chokaa. Kuna watu inawakataa, wanavimba uso mpaka macho yanapotea, na mtu hawezi kwenda kuhakikiwa sura wakati sura haipo. Lazima upake kidoa nyuma ya sikio, usubiri siku mbili. Kidoa leo, Jumatano kichwa kizima, Alhamisi uhakiki. Tukichelewa hata kwa siku moja tumekwisha.

Baba alikubali kidoa. Aliinamisha kichwa, Baba mdogo akamgusa nyuma ya sikio kwa ncha ya kijiti, alama ndogo kama punje ya dengu. Lakini alipoulizwa kuhusu Jumatano alibaki ameinama vilevile, anaongea na sakafu.

"Jina si langu," alisema. "Tarehe si yangu. Hata sahihi nilijifunza kwa kuangalizia yako." Hayo alikuwa anamwambia mdogo wake. "Pale kazini kilicho changu mimi mwenyewe ni hizi nywele tu. Mnazitaka na hizo?"

Baba mdogo akaanza kufuta mkasi uliokuwa msafi. Mimi nilikuwa na utani uliokwishafika kwenye ulimi, nikaumeza. Mama alimtazama mumewe, akasema, bila ukali wowote, "Nataka Ijumaa uamke uende kazini. Basi."

Jumanne ilipita kama mtu anayevuka chumba chenye mgonjwa. Baba alienda kazini, akarudi, akala. Kila mara mkono wake ulikuwa nyuma ya sikio. Nilimuuliza kama panawasha, nikitumaini sijui jibu lipi. Alisema hapawashi. Hapakuvimba pia. Kidoa kilikaa pale, cheusi na kitulivu, kikimngoja.

Jumatano saa sita alipigiwa simu na fundi mwenzake wa tawi la pili, ambako wahakiki walikuwa wamepiga kambi tangu Jumanne. Baba alituhadithia baadaye. Kuna msoma mita mmoja aliingia akiwa ameshika begi lake, akatoka baada ya dakika kumi akiwa katikati ya walinzi wawili, begi limebaki kwenye kiti. Alikuwa anatumia faili la kaka yake aliyekufa. Wamemjuaje? Eti afisa aliitazama picha, akamtazama yeye, akaitazama picha tena. Basi, hapakuwa na kingine.

Baba alishukuru, akatia simu mfukoni, akatembea kwa miguu kutoka mtaroni hadi saluni na viatu vyake vya mpira vyenye tope. Akakaa kwenye kiti. Akasema, "Paka."

Nilikuwepo, nilitumwa kuita Mama. Baba mdogo alimpaka mafuta ya mgando pembezoni mwa nywele, kwenye paji na juu ya masikio, ili rangi isishike ngozi. Akachanganya unga wa rangi na maji kwenye bakuli, akachukua mswaki mkuukuu, akaanza nyuma akija mbele. Alitaka kutumia kahawia iliyoiva, akisema ndiyo inayosamehe. Mama akasisitiza nyeusi, kwamba mtu wa miaka arobaini na minane ana haki ya nyeusi. Wakabishana kwa kunong'ona juu ya kichwa cha Baba, kama mafundi wawili juu ya bomba lililopasuka, na mwenye bomba kafumba macho. Nyeusi ikashinda. Sharubu nazo zikapakwa. Nyusi alikataa.

Aliposuuzwa na kufutwa, tukasogea nyuma kutazama. Ilikuwa nyeusi ya kiatu cha mwanafunzi siku ya kufungua shule. Mimi nilicheka, sikuweza kujizuia, nikamwambia sasa nimpeleke nikamwandikishe kidato cha kwanza. Baba mdogo akacheka pia. Mama alianza kucheka, halafu uso wake ukasimama. Alimtazama Baba kwenye kioo kama unavyomtazama mtu uliyemsindikiza stendi zamani sana, leo umepishana naye sokoni. Kisha akasema anakwenda kuanua nguo, na siku ile hatukuwa na nguo kambani.

Alhamisi foleni ilianzia mlango wa stoo. Mafundi walimpokea Baba kwa shangwe yote iliyobaki mwilini mwao, kwa sababu na wao walikuwa na hofu na walihitaji kitu cha kucheka. Mmoja alimuuliza kama ameanguka kwenye pipa la lami. Mwingine alimwamkia kwa heshima akamwita kijana, akamwuliza baba yake hajambo. Baba alitabasamu kwa meno ya mbele tu. Kwapani shati lilikuwa limelowa tayari, na ilikuwa saa tatu asubuhi.

Mama alishanionya njiani kwamba nikifungua mdomo kwa mzaha atanishona kwa uzi wa gunia.

Tuliitwa saa nne na nusu. Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu, feni inayozunguka kwa kulalamika, na majalada yamefungwa kwa kamba nyeupe. Afisa mhakiki alikuwa mama wa makamo, miwani yake imening'inia shingoni kwa uzi, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba ulilazimika kuinama kumsikia. Pembeni alikaa karani mwenye kompyuta, na kamera imesimama kwenye stendi. Sisi tulipewa viti vitatu, Baba katikati.

Cheti kilipita. Alikishika kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya muhuri, akakirudisha. Bila shaka kilipita, kilikuwa halisi kuliko sisi sote. Akaomba kitambulisho cha kazi. Baba akakitoa. Ni kitambulisho cha mtu anayelala kwenye mitaro. Maji yalikwishaingia ndani ya plastiki miaka mingi, na mahali pa sura palibaki wingu. Sisi nyumbani tulikuwa tunalitazama wingu hilo kila siku likining'inia mlangoni, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba zamani lilikuwa picha.

Afisa alikumbuka. Alifungua jalada, akatoa nakala safi ya picha hiyohiyo, akaiweka mezani ikitutazama. Ilipigwa miaka sita nyuma. Kichwa cha Baba kilikuwa cheupe kama pamba.

Mama aliushika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Hapa una miaka arobaini na miwili," afisa alisema, kidole kikiwa juu ya picha. "Kichwa cheupe. Leo una arobaini na minane, kichwa cheusi tii. Unaelekea wapi, ndugu yangu? Miaka sita ijayo utaniletea cheti cha chekechea?"

Karani alicheka. Yeye hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mtu anayetania huku anakagua ni mtu wa kuogopwa. Ninaijua kazi hiyo.

Alisema juzi wamemtoa mtu mmoja tawi la pili. Yule alikuwa mdogo wa mwenye faili, wamefanana kama sarafu mbili, isipokuwa marehemu alikuwa mzee kidogo na aliye hai alikuwa kijana kidogo. Alisema hivyo akiwa anatazama nywele za Baba, kisha sharubu, kisha zile nyusi ambazo hazikupakwa. Halafu akavaa miwani yake akanigeukia mimi.

"Wewe binti. Huyu ni baba yako, au ni baba yako mdogo?"

Sijui kama naweza kueleza jinsi swali lile lilivyoniingia. Mtu aliyekaa kando yangu ni baba yangu. Jina lililo mbele yangu ni la baba yangu mdogo. Yule mama alikuwa ameshika uzi wenyewe kabisa, ila ameushika upande usio wake: alimdhania Baba kuwa mdogo anayejifanya mkubwa, na mbele yake alikaa mkubwa aliyejifanya mdogo kwa miaka ishirini na tisa. Akivuta kidogo tu, hata kwa makosa, vyote vinafumuka. Utani wangu wote ulikimbia.

"Baba," nikasema. "Ni baba yangu."

Alinitazama machoni mpaka aliporidhika. Nadhani aliridhika, kwa sababu alimrudia Baba na swali jingine, ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Sawa. Sasa niambie. Miaka yote hii umekaa na mvi zako. Nani alikwambia upake wiki ya uhakiki?"

Feni ilizunguka. Kwenye shavu la Baba, kutoka kwenye nywele za kando ya sikio, lilianza kushuka tone la jasho, na tone lilikuwa la kijivu. Mama alikuwa ameliona. Likashuka taratibu hadi kwenye taya, likasimama pale.

Baba akaweka viganja vyote viwili kwenye magoti. Mimi namjua. Hana ulimi wa uongo. Maishani mwake amedanganya mara moja tu, na hata hiyo alidanganya kwa karatasi. Nilimwona anavuta pumzi, nikajua kwamba anakwenda kusema kweli yote, hapohapo, na kwamba Ijumaa imekwisha.

Mdomo wangu ukaondoka bila mimi.

"Si kwa ajili yenu," nikasema. "Ni kwa ajili ya yule wa kwenye simu."

Afisa akageuza kichwa. "Wa simu yupi?"

"Anayempigia. Akipigiwa anatoka kuongelea uani." Niliangalia mikono yangu. "Siku hizi ananunua mpaka manukato. Mama alikuwa hajui."

Vidole vya karani vilisimama juu ya kompyuta. Baba alinigeukia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemwagiwa maji ya moto akiwa usingizini. Ulikuwa uso mzuri sana kwa kazi ile. Hakuna mwigizaji angeupata.

Lakini afisa hakuwa anamtazama Baba. Alikuwa anamtazama Mama, na ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Nilikuwa nimemtupia Mama mzigo wote bila kumwambia apokee. Akicheka, tumekwisha. Akinikaripia kwa utani, tumekwisha. Akishangaa sana pia tumekwisha, kwa sababu Mama hajui kushangaa kwa uongo.

Mama alinyoosha upindo wa gauni lake gotini. Kisha akaongea, na hakuinua sauti hata kidogo.

"Nilikuwa najua."

Afisa akasubiri.

"Dada yangu, mimi niliolewa na mtu mmoja," Mama alisema. "Huyo mtu akivuka mlango asubuhi anakuwa mwingine. Huko aendako ana jina jingine. Wanamwita kwa hilo, na yeye anaitika. Jioni ananirudishia yule wa kwangu, amechoka, hana la kuniambia. Nikimuuliza, anasema bado. Nimekaa kimya kwa sababu ya watoto. Nikasema ataacha, ataacha. Sasa amepaka na nywele. Jana nimemwangalia nikaona hata kile kidogo nilichokuwa namjulia kimeondoka."

Sijawahi kumsikia Mama akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo mmoja. Kila neno alilolitoa lilikuwa la kweli, tena lilikuwa kweli ileile inayotafutwa mle chumbani, imewekwa wazi juu ya meza kando ya jalada. Sikujua kama anatuokoa au anatukabidhi. Sidhani kama mwenyewe alijua.

"Na mimi ndiye ninayemfulia nguo za kuendea huko," alimalizia.

Baba alimwambia amsamehe. Alisema kwa sauti ya chini, na hakuangalia kama afisa anasikia. Machozi yalimtoka, yakachanganyika na lile tone la rangi, akajifuta kwa kiganja, kiganja kikabaki na doa.

Afisa alivua miwani. Akamtazama Mama, si kwa kukagua tena. Halafu akafunga jalada kwa haraka kidogo, kama mtu aliyefungua mlango akakuta watu wanavaa, akasema mambo ya nyumbani wakayamalizie nyumbani, yeye hakutumwa hayo. Akamsogezea Baba kidau cha wino. Kidole gumba hapa, sahihi pale. Baba akaweka ile sahihi aliyojifunza kwa kuangalizia.

Tulipoinuka alituzuia.

"Picha hii siwezi kuiacha kwenye faili," alisema. "Kaa pale ukutani."

Karani akaelekeza kamera. Mwanga ukapiga mara moja, na Baba akatokea kwenye kompyuta, kichwa cheusi tii, macho mekundu. Afisa alimweleza kwa ile sauti yake ndogo kwamba kuanzia leo huyo ndiye mtu wa kwenye faili. Wahakiki wanaweza kurudi wakati wowote, mwezi ujao au mwaka kesho, bila tangazo. Akija na kichwa kingine, hawatamuuliza mara ya pili.

Nje, sijui karani alipitia dirisha gani, habari ilikuwa imetutangulia. Tulipofika kwenye bomba la uani mafundi walikuwa wameshampa Baba heshima mpya. Mmoja alisema Koki ameunganisha laini ya pembeni. Mwingine akauliza kama ina mita. Baba aliwapungia mkono bila kusimama. Mama alikuwa mbele yetu hatua kumi, mkoba umebanwa kwapani, na waliponyamaza kumpisha ilikuwa mbaya kuliko walipokuwa wanacheka.

Kwenye kona ya duka la vifaa nikamfikia. Nikamwambia pole, kwamba hakuna mtu wa simu, nilimtunga palepale kwa woga.

"Najua hayupo," Mama alisema. "Mimi sikuwa nazungumzia wa simu."

Baba alikuwa nyuma yetu na bahasha ya vyeti. Alisikia. Kwa siku kadhaa baada ya hapo walizungumza kama wapangaji wawili wanaotumia jiko moja. Ijumaa aliamka, akaenda kazini.

Rangi ilidumu wiki tatu. Jumapili ya tatu, akiwa amekaa uani kwenye kigoda, nilimwona ana mstari mweupe kwenye mashina ya nywele, mwembamba, umezunguka kichwa chote. Baba mdogo alikuja na pakiti, bakuli na mswaki, akaanza kufungua kopo la mafuta. Mama akatoka jikoni. Alimnyang'anya bakuli mkononi, akamwambia aketi.

Alisimama nyuma ya Baba na bakuli lile, hakupaka. Nilidhani ataondoka nalo.

"Mpaka lini?" akauliza.

Nilimtazama Baba, nikingoja aulizie spana. Hakuulizia. Alisema amekwenda ofisi ya utumishi Jumanne iliyopita, akauliza kama mtu anayemuulizia rafiki yake. Ukifika miaka hamsini unaruhusiwa kuomba kustaafu kwa hiari yako, hawakuulizi sababu. Kwenye faili amebakiza miaka miwili.

"Nimeshaandika barua," alisema. "Nimeacha nafasi ya tarehe tu. Miaka miwili, halafu siguswi kichwa tena na mtu."

Mama akahesabu kwa midomo, kila baada ya wiki tatu, miaka miwili. Akasema ni mara thelathini na tano.

"Basi siku hiyo na mimi nitakuwa nimestaafu," Baba mdogo alisema. "Miaka zaidi ya thelathini kazini na sijafika hata siku moja. Waniandalie na sherehe."

Ulikuwa utani mzuri, bora kuliko wangu wote wa mwaka ule. Hakuna aliyecheka, na nadhani hakutaka tucheke. Alikuwa anamtazama kaka yake.

"Na mara ya thelathini na sita?" Mama aliuliza.

"Haipo ya thelathini na sita," Baba alisema.

Mama alichovya mswaki kwenye bakuli, akaukung'uta pembeni. Akamwita mumewe kwa jina lake, lile alilopewa na mama yake, akamwambia ainamishe kichwa.